Mafuta Mekundu Kabla ya Igawa

Maiti ya Mzee Tadeo Mligo ilikuwa chini ya gari lake mwenyewe, miguu nje, kiatu kimoja kimechomoka. Jeki ilikuwa imelala ubavu kwenye changarawe. Dimbwi jekundu lilikuwa limefuata mteremko hadi kwenye majani, na watu waliokusanyika pale, kilomita chache kabla ya Igawa, walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba mzee amemwaga damu yote.

Inspekta Tupokigwe alichuchumaa, akachovya kidole chenye glavu, akanusa. Haikuwa damu. Yalikuwa mafuta ya giaboksi, nayo yalinuka kuungua.

Daktari alithibitisha kwamba marehemu alikufa kwa kubanwa kifua. Askari wa usalama barabarani waliiita ajali. Gari lilikuwa la zamani, la otomatiki. Lilivuja, likakosa nguvu, mwenyewe akaingia chini kutazama, jeki ikateleza. Tupokigwe naye angelifunga jalada, ila mafuta yale yalikuwa mengi mno kwa uvujaji wa uzee.

Gari likavutwa hadi Mbeya. Sajenti Gerson, mkaguzi wa magari wa polisi, alilala chini yake, inspekta akalala kando na tochi. Sampu ya giaboksi, bakuli lake la mafuta la chini, ilikuwa imeganda mafuta meusi na vumbi. Gasketi yake ilikuwa ikitoa jasho kwa miaka.

"Huu ni ugonjwa wa zamani, afande," Gerson alisema. "Gari linaishi nao."

Walifuta uvungu wote ukakauka, wakajaza mafuta mapya, wakawasha injini, wakangoja. Gasketi ilitoa tone moja la kivivu. Kisha mbele, karibu na rejeta, pale mpira unapopeleka mafuta ya moto kupozwa, uzi mwembamba mwekundu ukaruka. Mpira ulikuwa mzima. Klipu yake ndiyo iliyolegezwa, na kichwa cha skrubu kilikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa.

"Mtikisiko wa barabara?" inspekta aliuliza.

"Mtikisiko haushiki bisibisi, afande."

Tupokigwe alitoka uvunguni akakaa sakafuni.

Uyole, nyumbani kwa marehemu, msiba ulikuwa umejaa. Waombolezaji walimweleza alikokuwa akienda mzee. Aroni, mwanawe wa pekee, fundi seremala huko Iringa, figo zake zilikuwa zimekufa. Mzee alikuwa ampitie huko, waende pamoja hospitali ya Dodoma, akapimwe kama anaweza kumpa figo yake moja. Mwalimu mstaafu yule, walisema, alifunga safari kama anayekwenda harusini. Inspekta aliuliza juu ya maadui. Watu walimtazama kana kwamba ametukana.

Akazunguka nyuma, gari lilikokuwa likilala. Katikati palikuwa na doa jeusi la miaka mingi. Mbele yake, pale rejeta ilipokuwa, mtu alikuwa amemwaga mchanga. Aliuparua kwa ncha ya kiatu. Chini palikuwa pekundu.

Basi klipu ililegezwa hapa, kabla ya safari. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba geti hufungwa kwa ndani, na kwamba ndani ya nyumba ile walilala watu wawili tu.

Alibaki amesimama juu ya mchanga ule, akitafuta jibu jingine. Hakulipata. Mjane alikuwa sebuleni, ameketi mkekani kati ya wanawake wa jumuiya, rozari mkononi.

Kituoni, mjane huyo, Matilda, alikataa chai. Inspekta alimsomea haki zake kwa sauti ya chini.

"Mzee alipotengeneza gari, nani alimsaidia?"

"Mimi. Nilimshikia tochi miaka yote."

"Asubuhi ya safari, mzee alipokuwa akijiandaa, ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Mchanga kule nyuma aliumwaga nani, mama?"

Matilda aliutazama ukuta. Kisha mabega yake yakashuka.

"Sikutaka afe, mwanangu. Nilitaka lizime hapa hapa Uyole, arudi nyumbani."

"Asifike Dodoma?"

"Wangempima damu."

Tupokigwe aliweka kalamu chini. Lililobaki lilitoka lenyewe. Mwaka Tadeo alipokuwa masomoni, Matilda alikwenda Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, akakaa huko msimu mzima, na mwanamume wa huko akamzoea. Aroni alikuwa mtoto wa msimu ule. Siri hiyo aliibeba ndoa nzima, kanisani na jikoni. Alijiambia kwamba mzee akikwama, ndugu mmoja wa upande wake yeye Matilda atajitolea. Yeye mwenyewe madaktari walikwisha kumkataa kwa shinikizo la damu. Gari halikuzima Uyole. Lilimfikisha mbali, mahali pa mteremko.

Inspekta aliandika maelezo hayo, akamfungulia shtaka la kuua bila kukusudia. Matilda aliomba jambo moja tu, Aroni asijue.

Lakini Aroni alikuwa ameshafika kwa basi kutoka Iringa, uso umevimba, anashika ukuta anapotembea. Aliomba kumwona mama yake. Tupokigwe aliruhusu, akabaki mlangoni kama sheria inavyotaka. Alipouona uso ule, Matilda alishindwa kuificha siri tena, akamwambia mwanawe yote, kichwa kimeinama, bila kumficha neno.



"Baba alijua, mama," Aroni alisema. "Aliniambia nilipokuwa sekondari. Alinikataza nisikwambie, alisema utaona haya mbele yake."

Inspekta alishika fremu ya mlango. Matilda aliinua uso, na macho yake yalikuwa yamekauka kama ya mtu aliyepigwa.

"Alijua," alisema. "Na bado alikwenda kupimwa?"

"Alisema hata figo za watu baki hulingana mara nyingine," Aroni alijibu. "Alitaka kujaribu."