Mkono wa Kushoto wa Chiriku

Asubuhi hiyo fidla ilikuwa na joto, joto la shavu la mtu mwenye homa. Chiriku akaipapasa, akaguna, akaendelea na mazoezi.

Walimwita Chiriku kwa sababu fidla yake ilisema kuliko mdomo wake. Alikuwa ameikumbatia tangu utotoni, mpaka kidevu kikaota sugu. Lakini siku hizi vidole vilikuwa vizito, na juzi, kwa uchungu, alitamka peke yake chumbani: "Hata jini na aje, mradi nipige kama zamani." Ulimi hauna mfupa.

"Unasikia harufu ya nywele zinazoungua?" mumewe, mpiga piano wake, alimnong'oneza.

"Nasikia."

"Na mkono wako, mama... unatangulia. Wewe bado hujaanza, wenyewe umeshaanza."

Wakaenda kwa mganga. Yule bibi alimshika mkono wa kushoto, akauachia kama aliyeshika kaa la moto. "Mwanangu, huyu jini hayumo kwenye fidla. Amekaa vidoleni. Akikosa pa kukaa, ataondoka."

"Vidole ndiyo kazi yangu, bibi."

"Haya. Mimi nimesema."

Jioni ya onyesho ukumbi ulijaa pomoni. Chiriku alianza taratibu, kisha vidole vikamponyoka, vikakimbia juu ya nyuzi kwa kasi ambayo hakuna binadamu aliyepewa, nyuzi zikamkata nyama, damu ikamchirizika hadi kwenye kiwiko, naye akataka kuacha asiweze, akataka kupiga kelele sauti isitoke, na watu, wakidhani ni usanii, wakasimama wakilia kwa raha. Mumewe akaacha piano, akaja kumpokonya upinde. Fidla ikaanguka. Mkono wa kushoto ukamrukia mumewe shingoni.

"Niachie, mama," alikoroma. "Ni mimi."

Ukambana, ukamsukuma hadi kwenye piano, macho yakamtoka. Chiriku akauinamia mkono wake mwenyewe akaung'ata, akang'ata mpaka meno yakagonga mfupa, na ulipolegea akaubamiza juu ya vibao vya piano, akashika kile kifuniko kizito kwa mkono wa kulia, akakishusha kwa uzito wake wote. Akakiinua. Akakishusha tena. Mifupa ikalia kama kuni kavu, na kutoka chini ya kifuniko kikatoka kilio ambacho hakikuwa chake, kikapasua taa za jukwaani, kikapita juu ya vichwa vya watu, kikatokomea mlangoni.

Akapona. Kile kilichobaki cha mkono hakikuweza hata kufunga kifungo. Mumewe akabaki na sauti ya kukwaruza. Ilipita miezi kabla Chiriku hajamuuliza, wamelala kitandani.

"Jioni ile. Nilipigaje?"

"Sijawahi kusikia kitu kizuri vile."

"Kuliko zamani zangu?"

"Kuliko zamani zako."

Chiriku akageukia ukutani, mabega yakaanza kumtetemeka. Mumewe akanyoosha mkono ambembeleze, kisha akaurudisha polepole, maana alijua mkewe hakuwa akiulilia mkono. Alikuwa akimlilia yule aliyeondoka.