Majina Mawili ya Ugonjwa wa Njeru

Mvua ilikuwa imenyesha na soko la Gakoromone, Meru, lilijaa tope la kuvuta viatu. Nkirote, fundi wa nguo kutoka Kinoru, alikuwa ameishika sketi yake ya kijani isichafuke alipomwona mwanamume mrefu ameegemea gunia la viazi, uso umempauka.

"Wewe, ukilala hapo utauzwa pamoja na viazi," alimtania.

"Nani atanunua? Nimekonda hivi."

"Mimi, viazi vikiisha."

Njeru alicheka huku akihema. Alikuwa mkulima kutoka Kanja, Embu, aliyekuja kuuza maparachichi. Nkirote alimnunulia uji, wakapeana namba za simu. Tangu hapo Njeru akawa anapiga kila jioni, akimwita mwendwa, yaani mpenzi.

"Mwendwa, umekula?"

"Nimekula, lakini sijashiba maneno yako."

Uchovu wa Njeru haukuisha. Fizi zilianza kutoka damu, na mikono ikapata alama kama mtu aliyepigwa. Hospitali moja Meru ilimchukua uboho kwenye mfupa wa nyonga, naye akampigia Nkirote majibu yalipotoka.

"Ni ugonjwa wa uboho, unaitwa MDS. Uboho unatoa seli changa zisizokomaa. Lakini daktari amesema si lukemia."

"Apa."

"Naapa."

Nkirote alimwamini. Lukemia, aina ya saratani ya damu, ndiyo iliyomuua babake, na jamaa walimwambia ni malaria mpaka siku alipoitwa kwenye mazishi. Tangu hapo aliweza kuvumilia mengi, si ugonjwa wa kufichwa.

Njeru alihamia kliniki ya Embu, karibu na nyumbani, nao wakaupima uboho ule ule upya. Siku chache baadaye dadake, Wamuyu, alimpigia Nkirote akilia. "Huku wamesema ni lukemia. Hajakuambia?"

Nkirote alimpigia Njeru papo hapo. "Uliniapia."

"Nilikuambia nilichoambiwa."

"Na hii ya Embu?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Hata mimi walikuwa wananitafutia namna, baba akafa." Akakata simu.

Njeru alipiga tena na tena, hakujibiwa, akaacha. Aliamini amekimbiwa kwa sababu ya maradhi, na hakutaka kumlaumu. Kule Kinoru, Nkirote alishona na kufumua nguo ile ile. Wamuyu alipomtajia siku ya kliniki, alifunga duka akaenda Embu.

Alimkuta Njeru kwenye benchi, shati limekuwa pana shingoni. Hawakusalimiana. Waliingia pamoja kwa Daktari Karimi.

"Daktari, nani amenidanganya?" Nkirote aliuliza.

"Hakuna. Kuna makundi mawili ya wataalamu wanaopanga saratani za damu, na tangu 2022 kila kundi lina mpango wake. Mengi wanakubaliana, haya machache hawakubaliani. Katika kila seli mia za uboho wa Njeru, kumi na nne ni changa. Kwa ugonjwa wa aina yake, mpango uliotumika Meru unasema zisipofika ishirini bado ni MDS. Huu wetu unasema kuanzia kumi yuko mpakani, kwa hivyo unaandika majina yote mawili pamoja, MDS na lukemia. Wamuyu alishika hilo la pili tu."

"Kwa hivyo ugonjwa haujaongezeka?"

"Uboho ni ule ule, hesabu ni ile ile."

"Atapona?"

Daktari hakuharakisha. "Ni hatari, uuite jina lolote. Tutaanza dawa, tupime kama uboho wa dadake unalingana na wake, apandikizwe. Wako wanaopona. Siwezi kukuahidi."

Nje waliketi kwenye benchi.

"Nilidhani umenikimbia," Njeru alisema.

"Nilidhani umenificha."

"Nilikuficha kidogo. Niliogopa."

"Usinifiche tena. Hali ikiwa mbaya zaidi, ndipo uniambie mapema." Kisha akauliza, "Utakuja kwetu lini kujitambulisha?"

"Nikipona, mwendwa."

"Sijauliza ukipona."

Njeru aliangalia mikono yake yenye alama. "Jumamosi," alisema mwishowe. "Kama nitaweza kusimama."

"Utaketi. Viti tunavyo."

Nkirote alifuta macho, akapiga simu nyumbani. "Mama, Jumamosi tutakuwa na wageni kutoka Embu. Ndiyo, ni yeye. Ndiyo, ni mgonjwa. Najua, Mama, najua. Pika."