Kaa wa Kupanda Ndege

Mama Pacha na mumewe hunenepesha kaa kwenye vizimba vya pwani. Kaa hao hupanda ndege kwenda ng'ambo, na lazima wafike hai. Aliyekufa hutupwa.

Jamani, mizigo miwili ilifika maiti tupu! Mnunuzi akasema watume mara moja tu ya mwisho. Wa tatu ukiharibika, atatafuta wengine. Mama Pacha alikosa usingizi. Kazi hii ndiyo iliyowalisha.

Siku ya safari aliwatoa kaa thelathini akawaweka kwenye beseni. Ndiyo kwanza anawajazia maji ya bahari, ili washibe maji kabla ya safari, jirani yake akaingia. Jirani huyo ni mkaguzi wa samaki. Mtaa mzima humwita Bibi Samaki. Alipoona beseni, akashika kiuno.

"Dada, unawaua kwa mapenzi."

"Kaa si kiumbe wa maji?" Mama Pacha akauliza.

"Ni wa maji, lakini ya beseni yametulia. Kaa thelathini humaliza hewa iliyomo upesi. Nje ya maji ataishi siku kadhaa, mradi awe na unyevu, ubaridi na hewa."

Baba Pacha akacheka, akasema sasa kaa naye awe mbuzi. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nao walishavunjika mara mbili. Beseni likamwagwa.

Bibi Samaki akawaonyesha. Walifunga magando kwa kamba. Walichovya gunia safi kwenye maji ya bahari, wakalikamua, wakalitandika ndani ya sanduku lenye matundu. Barafu hawakuiweka juu ya kaa, maana ikiyeyuka hutoa maji baridi yasiyo na chumvi, nayo huwadhuru.

Mwisho waligusa jicho la kila kaa kwa kijiti. Kaa mwenye nguvu hulirudisha jicho ndani mara moja. Wawili walizubaa, wakabaki nyumbani. Ishirini na wanane wakaenda uwanja wa ndege, na moyo wa Mama Pacha ukaenda nao.

Kesho yake jioni simu ikalia. Baba Pacha akasikiliza, macho yakamtoka.

"Wote wazima," akasema. "Mnunuzi anataka masanduku kumi kila wiki. Ila kamba moja ililegea. Kaa amembana kidole, hadi sasa anavuja damu."

"Maskini, mpe pole," alisema Mama Pacha, kisha akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka nje.