Nilimupa Mubaya wa Seri Maneno ya Fianse Wangu

Guylain alininyanganya mikro mbele ya watu wote wa sal ya video.

"Kuanzia leo huyu mwanamuke asitafsiri tena hapa," alisema. "Anatuingizia politike ndani ya seri."

Watu wakapiga makofi.

Na huyo Guylain, ndugu zangu wa hii page, si mutu wa njiani. Ni fianse wangu, muchumba. Familia yake ilikuwa imeshapanga siku ya kuleta dote ya kunioa kwetu...

Musiniulize kama nililia. Sikulia. Nilitafuta simu yangu.

Ngojeni niwaeleze vizuri.

Mimi ni Kahambu, muzaliwa wa Butembo, nakaa Ndosho, hapa Goma. Natafsiri filme kwenye sal ya video ya papa Cyprien. Tunapunguza sauti ya televisheni, mimi nakamata mikro. Kifaransa kinaingia sikioni, Kiswahili kinatoka mudomoni. Mubaya namupa sauti nzito, musichana muzuri namupa sauti ya maringo.

Seri yenyewe, filme ya vipande vipande, inaitwa Chombo cha Mwisho. Dunia za watu zimeungua, wamejazana kwenye chombo kimoja angani, kila kabila na rangi yake. Komanda wao ni Oruna, mwanamuke wa buluu mwenye vidole vinne.

Mwanzoni wote waliipenda. Halafu Oruna akafungulia mulango wakimbizi wa sayari nyingine, na grupu ya WhatsApp ya wateja wa sal ikawaka moto.

"Zamani ilikuwa seri ya vita. Sasa ni politike tupu."

"Komanda mwanamuke, tena wa buluu. Wanaume wameisha?"

"Kila kabila lazima liweke mutu wake. Hii ni filme ama ni mukutano wa ONU, wa mataifa yote?"

Nilikuwa nacheka. Maoni ni maoni. Hata mimi kuna siku hotuba za Oruna zilinichosha.

Lakini ilikuwa ule mwaka vita ilifika Sake, muji wa jirani. Wadeplase, watu waliokimbia vita, walijaa Ndosho, kwenye madarasa ya masomo, kwenye makanisa, chini ya shiti za plastiki juu ya mawe ya volcan. Mama Victoire alikuwa mumoja wao. Alikuwa anauza mandazi mulangoni pa sal, na papa Cyprien alimuacha aingie kukaa kwenye benchi ya nyuma. Mandazi yale ndiyo yalikuwa yanalisha watoto wake.

Siku moja Guylain akatuma vokali, ujumbe wa sauti yake, kwenye grupu. Yeye anatengeneza simu kule Katoyi, na ndiye admin.

"Hawa wa kwenye chombo ni sawa na wadeplase wetu. Leo unawapokea, kesho wamekaa kwenye kiti chako. Wananuka. Wanatuletea kolera. Wafunguliwe mulango watoke, wajue wenyewe pa kwenda."

Watu wakajaza emoji za kucheka. Tena akamuomba papa Cyprien afukuze wadeplase wote kwenye sal, kuanzia mama wa mandazi. Papa Cyprien, muoga wa kupoteza wateja, akasema atajibu siku ya Mungu, Jumapili, filme ikiisha.

Nikamuuliza Guylain:

"Mama Victoire alikukosea nini?"

"Sheri wangu, tunaongea seri tu."

"Yeye pia yuko kwenye seri?"

"Acha politike, Kahambu."

Basi siku ya Mungu ikafika. Sal ikajaa. Mubaya wa seri, jenerali Zarko, akasimama mbele ya wakimbizi, na katoto kamoja ka buluu kakijificha kwenye nguo ya mama yake. Zarko akaanza hotuba ndefu.

Sikutafsiri hata neno moja.

Nilimupa sauti nzito, nikamutia mudomoni maneno ya Guylain, vile vile alivyoyasema. Kesho wamekaa kwenye kiti chako. Wananuka. Wanatuletea kolera. Wafunguliwe mulango watoke.

Wee... sal iligeuka. Watu walifyonza, wengine wakatema chini.

"Mutu huyu hana mama?"

"Mushenzi kabisa."

Na aliyepiga kelele kupita wote ni nani? Guylain wangu. Alisimama juu ya benchi, anamutukana Zarko, anamuomba Oruna amutupe inje ya chombo.

Kwa kweli hakujitambua.

Ni Shukuru, mukanishi wa pikipiki, ndiye alikunja uso akasema, "Lakini haya maneno nimeshayasikia fasi fulani..."

Hapo ndipo Guylain aliruka, akaninyanganya mikro, akasema yale niliyoanza nayo. Na waliomupigia makofi ni wale wale waliokuwa wanatema chini.

Sikubishana naye. Niliunganisha simu yangu na bafle, lile sanduku la sauti la sal, nikafungua vokali yake.

Sauti yake ikajaa sal. Makofi yakakauka. Hakuna aliyemutazama mwenziwe.

Kule nyuma mama Victoire akasimama, beseni ya mandazi mukononi. Hakupandisha sauti.

"Guylain, mwana wa mama Sylvie. Wakati volcan ililipuka ikawafukuza Goma, mulikuja kwangu Sake. Ulikuwa unahara, hukuweza kusimama. Nilikulaza kwenye kitanda changu, nguo zako nilizifua mimi. Sikusema unanuka."

Nikageuka kwa Guylain.

"Ulimutambua tangu lini?"

Akatazama viatu vyake.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukumusalimia?"

"Kahambu... ningemusalimia aje? Angeelezea kila mutu vile aliniona."

Mumesikia? Ilikuwa si seri, si komanda wa buluu, si politike. Alitaka mama wa watu akose chakula kwa sababu mama huyo alimuosha mavi.

Pale pale, mbele ya wote, nilimuambia familia yake ibaki kwao na dote yao. Papa Cyprien akakamata beseni ya mama Victoire kwa mikono yake, akaiweka mbele, karibu na televisheni. Nusu ya wateja walituhama, wako na grupu yao mupya. Waende salama.

Mutu asiyependa seri, asiipende, ni haki yake. Lakini kabla ya kusema wamekuletea politike, sikiliza kwanza vokali zako mwenyewe.

Kesho yake nilirudilia kutazama episode ile peke yangu, nisikie Zarko alisema nini kweli. Alisema chombo ni kidogo, chakula hakitatosha, na anaogopa.

Ni hayo tu. Hakusema wananuka. Hata mubaya wa filme hakufika pale fianse wangu alifika.