Shaba Yenye Sura

Kifurushi kilifika Mbinga kikiwa cha moto.

"Kilikaa juu ya injini, nini?" Gaudiosa aliuliza, akikihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kondakta akasema hapana, kilisafiri kwenye buti chini ya mifuko ya dagaa. Na asubuhi ile ya Juni watu wote pale stendi walikuwa wamejifunga makoti mpaka shingoni.

Gaudiosa alikuwa na duka la steshenari karibu na soko, na nyuma ya mashine ya kudurufu aliweka kabati la sarafu za kale. Alizipenda zaidi zile za kugongwa kwa nyundo, za enzi za misafara ya Kilwa. Fundi aliweka kipande cha shaba kati ya mihuri miwili, akapiga, ikatoka sarafu isiyo duara kamili wala kufanana na nyingine yoyote. Alikuwa hajawahi kumiliki hata moja. Kwa hiyo mtu aitwaye Zabron, wa Liuli, alipotangaza tatu mtandaoni, Gaudiosa hakungoja.

Akazimwaga mezani, akachukua lenzi. Hata mzani haukuhitajika. Ukingoni kulikuwa na mshono mwembamba uliosuguliwa kwa tupa, na usoni vitundu vidogo vya hewa. Zote tatu zilikuwa na ufa mmoja, mahali palepale.

"Zimemiminwa," alimwambia mumewe, Kilian, aliyekuwa amemletea chai. "Ameikandamiza sarafu ya kweli kwenye udongo, akapata kalibu, akayeyusha koki za bomba. Mwizi mkubwa!"

"Si umrudishie?"

"Nimrudishie vipi na simu hapokei?"

Alimwandikia Zabron asubuhi, akamwandikia mchana. Ujumbe ulifika, haukusomwa. Aliweka picha za ule ufa kwenye kundi la wakusanyaji ili awaonye wenzake, wakamcheka. Antoni wa Dodoma, aliyekuwa amenunua moja, akaandika: "Mama ana wivu. Yangu ni safi." Gaudiosa alizifungia zile bandia kwenye kopo la kahawa, akalipeleka nyumbani na kulisukuma kwa mguu chini ya kitanda, upande anaolala Kilian, kwa hasira.

Wiki hiyo nyumba ikaanza kunuka shaba ya moto, harufu ile inayokaa ulimini kama damu. Kisha mlio. Ti. Kimya. Ti. Ulikuja baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali uani. Gaudiosa alimlaumu jirani anayechomelea mageti, akaenda kugomba, akakuta kufuli mlangoni. Jirani alikuwa msibani, kijiji cha Ukata.

Aliporudi alimkuta Kilian amechuchumaa kizingitini, mgongo umeelekea kichanja cha kahawa, mkono wa kulia umeshika jiwe, na kila jiwe lilipoinuka na kushuka lilishuka juu ya kiganja chake mwenyewe cha kushoto, polepole, kwa uangalifu wa fundi, na kiganja hakikutoka damu bali kililia, ti, kama chuma, na midomo ya Kilian ilikuwa ikitembea lakini sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamume aliyemzoea, ilikuwa nyembamba na kavu, ikiuliza na kuuliza tena, "Nani ameigawa sura yangu? Nani ameigawa sura yangu?"

"Baba," Gaudiosa alinong'ona. "Kilian. Weka jiwe chini."

Akaliweka. Akamwangalia kama mtu aliyeamshwa. "Chakula tayari?" akauliza.

Padri alikuja, akaomba, akanyunyiza maji ya baraka. Nyumba ikatulia, halafu mlio ukarudi. Kilian alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa vidole vyake, kimoja baada ya kingine. Gaudiosa alivimulika kwa lenzi. Havikuwa na mistari. Vilikuwa laini kama sarafu iliyopita mikono mingi. Nyusi zilikuwa zikififia, na pua ilianza kupoteza ncha. Jumapili, nje ya kanisa, rafiki yake wa utotoni alimpa mkono akamwambia, "Karibu Mbinga, mgeni."

Siku iliyofuata wakateremka ziwani, Liuli, kumtafuta Zabron, kopo la kahawa likiwa mapajani mwa Gaudiosa.

Zabron walimkuta nyuma ya nyumba, kati ya mkaa na kalibu za udongo zilizovunjwavunjwa. Alikuwa amejifunika khanga usoni.

"Wewe!" Gaudiosa alianza. "Nimekuandikia mpaka nimechoka! Unauza takataka, halafu unajificha?"

"Sikujificha, dada. Simu yangu inafunguliwa kwa kidole." Akanyoosha mikono. "Kidole sina. Namba ya siri nimeisahau."

Khanga ikateleza. Gaudiosa alirudi nyuma, akajikwaa kwenye mkaa. Macho yalikuwepo. Sehemu nyingine zote za uso zilikuwa zimesawazika, kama yai.

Zabron akaeleza kwa sauti ya chini. Alikuwa akichota mchanga wa kufyatulia matofali, akakuta chungu chini ya mwamba ufukweni, na ndani yake sarafu moja. Aliyemimina mfano wake alikuwa yeye, na hakumimina mmoja.

"Na ya kweli iko wapi?"

"Kwa Bibi Rosina. Mimi siwezi tena kuigusa."

Bibi Rosina alikuwa mwimbaji mkongwe wa kwaya ya Kianglikana, na ndiye aliyeitwa Liuli majini yakimpanda mtu. "Shikamoo bibi," Gaudiosa alisema. Bibi aliitikia bila kuinua macho kutoka kwenye uso wa Kilian. Akamkalisha mkekani, akamfukiza majani, akamwekea sarafu ya kweli kwenye paji la uso. Kilian akakakamaa.

"Wewe ni nani?" Bibi aliuliza taratibu.

"Niligongwa mara moja," sauti kavu ilijibu. "Mimi ni mmoja. Zabron amenifanya wengi, na kila mmoja hana uso. Kwa hiyo nachukua nyuso."

"Ukirudishiwa, utatoka?"

"Zote. Nirudishiwe zote."

Fundi simu wa Mbamba Bay aliifungua simu ya Zabron, na ndipo Gaudiosa alipoonja kazi ya kuwasihi watu. Aliwaandikia wanunuzi wote: sarafu hii ni bandia, tafadhali irudishe, ina madhara. Mmoja alisema Gaudiosa anataka kumtapeli. Mwingine alimtumia picha za vikaragosi vinavyocheka. Wa Songea alibishana naye kuhusu mshono kutwa nzima, yeye akimwelekeza pa kutazama, mume wake akipoteza sikio moja kule mkekani, hadi Gaudiosa akaitupa simu ukutani, akaiokota, akaanza upya. Alibembeleza. Alitukana. Aliahidi kabati lake lote, na kweli akalitoa, sarafu moja moja, kwa wale waliokataa kurudisha bure.

Zikarudi. Zote, isipokuwa ya Antoni wa Dodoma.

"Yangu ni ya kweli," Antoni aliandika. "Wewe ndiye usiyeijua."

Bibi Rosina hakungoja zaidi, maana Kilian alikuwa hajui tena kufumba macho. Waliyeyusha zile bandia palepale kwenye mkaa wa Zabron, wakazika donge lake na sarafu ya kweli chini ya mwamba. Upepo wa ziwa ukakatika. Kilian akapiga kelele moja, akalala kifudifudi mchangani.

"Ametoka?" Gaudiosa aliuliza.

"Ametoka hapa," Bibi alisema. "Amesema anakwenda kuifuata iliyobaki."

Kabla mavuno ya kahawa hayajaisha, nyusi za Kilian ziliota, na mistari ikarudi vidoleni, myepesi kama michirizi ya mvua vumbini. Zabron alipata pua, si ileile. Gaudiosa aliendelea kumwandikia Antoni kila siku, na kila siku Antoni alimjibu kwa kejeli, mpaka siku alipoacha kujibu.

Simu iliita dukani mchana mmoja, wateja wakiwa kwenye foleni. Sauti ya mwanamke asiyemfahamu.

"Dada, wewe ndiye unayemwandikia mume wangu, Antoni, kuhusu sarafu?"

"Ndimi. Yuko wapi?"

"Nafikiri ndiye huyu aliyekaa hapa mbele yangu. Nguo ni zake." Mwanamke alikuwa akinong'ona. "Watoto wamekimbilia kwa jirani."

"Nisikilize, mama. Chukua ile sarafu, sasa hivi, uipeleke stendi. Panda nayo basi la Mbinga. Usimwulize ruhusa."

Kilisikika kilio kilichobanwa kwa kiganja.

"Dada, nilijaribu jana kumnyang'anya," alisema. "Ameimeza."