Nilimtuma Shemeki kwa Mama Mkwe

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na saba, mkaaji wa Kasungami hapa Lubumbashi, baba wa mtoto mmoja wa kike. Jina langu liacheni. Niiteni Baba Prisca, inatosha. Babu yangu alitoka kaskazini ya Katanga akaja kufanya kazi ya reli, na baba yangu akamfuata kwenye reli hiyo hiyo. Mimi niliikuta reli imechoka, kazi hakuna, nikabaki na baiskeli tu. Sisi hapa tunaiita kinga.

Kila asubuhi nilipakia magunia ya kabichi na mchicha wetu wa lengalenga kutoka mashambani, nikaenda kuyashusha sokoni. Nilikuwa mbele nimeshika usukani, mke wangu Chanda nyuma anasukuma. Mzigo ulikuwa mkubwa hata hatukuonana. Tulikuwa tunaongea tu juu ya kabichi, tunacheka njia nzima. Nani angejua kwamba siku zile ndizo zilikuwa raha yangu?

Chanda ni mtu wa Kasenga, kule kwenye mto Luapula. Mama yake aliishi hapa mjini, akiuza samaki wakavu katika soko lile lile tulilokuwa tunapeleka mboga. Jina lake sitaliandika hata hapa. Mkwe hataji jina la mama mkwe! Hamtazami usoni, hali naye, haongei naye. Akimwona anakuja, anakata kona. Hiyo ndiyo heshima yetu, kwao Kasenga na kwetu kaskazini.

Kuoneana haya huko kuna mwisho wake. Kwao Kasenga, siku moja ukweni wanakupikia, wanakuita ndani, wanafunua vyungu mbele yako, unakula. Wanasema mkwe ameingizwa. Toka siku hiyo mdomo wako uko huru, na mama mkwe anakuwa mama yako.

Mimi nilikuwa sijaingizwa bado. Kila mwaka iliahirishwa... Aliyeahirisha ni shemeki yangu, kaka mkubwa wa Chanda, nitamwita Mwape. Huyo ndiye alikuwa mdomo wangu. Nikiwa na neno kwa mama mkwe, nampa Mwape, Mwape anapeleka; Chanda hawezi, kwani mke habebi neno la mumewe kwa mama yake. Mama mkwe naye akitaka kunijibu, ni Mwape. Nilimwamini jamani! Ningefanyaje, nami sikuwa na mlango mwingine?

Mwape alikuwa na taxi-bus yake. Likumbukeni hilo.

Basi, mwaka ule tukasikia kwamba watu wa commune, yaani serikali ya mtaa, wanataka kutengeneza usafiri wa upande wetu. Watachagua mahali pa kusimamisha bus, watarudisha kituo kidogo cha treni, watawafikiria hata watu wa baiskeli. Tulifurahi sana! Kwani nani alikuwa ametufikiria sisi wa kinga hata siku moja?

Lakini kulikuwa na tatizo. Kando ya reli, kutoka mashambani mpaka sokoni, kuna kipande cha ardhi kirefu na chembamba. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu. Kipande hicho hicho, pale karibu na soko, wenye taxi-bus walikitaka kiwe parking. Kikifungwa, njia nyingine inayobaki ni moja tu, barabara kubwa ya malori ya madini. Ile barabara haina huruma. Lori likipita, vumbi linafunga macho, na dereva juu kule hakuoni wewe wala kinga yako.

Watu wa commune wakasema kila upande uchague mtu mmoja wa kusema kwenye mkutano. Watu wa kinga wakanichagua mimi. Akina mama wa soko wakachagua... mama mkwe wangu!

Nilipopata habari hiyo, niliisukuma kando sahani ya ugali. Nitasimamaje mbele ya watu kubishana na mama mkwe? Kwetu hilo ni sawa na kumvua kitambaa kichwani hadharani. Chanda aliniambia, “Baba Prisca, mutume Mwape haraka, mama ajue kabla ya mukutano.”

Nikaenda kwa Mwape. Nilimweleza yote taratibu. Nikamwomba amwambie mama kwamba kipande cha kando ya reli wakiache kwa kinga, na parking iende ng'ambo ya reli, kuna uwanja mtupu pale. Nikamwambia kwamba Chanda binti yake anasukuma nyuma yangu, tukitupwa kwenye barabara ya malori ni hatari. Mwape alitikisa kichwa, akanipiga bega.

Baada ya siku chache akarudi. “Shemeki, ulale tu bien,” akaniambia. “Nilishamuambia mama. Ameitika yote. Siku ya mukutano atasema vile unataka.”

Nililala usingizi mzito kama mtoto aliyeshiba. Mjinga mimi!

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, katika uwanja wa parokia. Nilikaa nyuma ya nguzo ili macho yangu na ya mama mkwe yasikutane. Akaitwa yeye kwanza. Akasimama, kitambaa kichwani, sauti yake nzuri.

“Sisi ba mama ya soko,” akasema, “tunaomba ile nafasi ya pembeni ya reli ikuwe parking ya ba bus. Ba kinga bapite ku barabara kubwa.”

Ameitika nini basi? Nilimtafuta Mwape kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mtu wa commune akauliza, “Na ba kinga banasema nini?” Wenzangu wote wakanigeukia. Nilisimama. Mdomo niliufungua, ndugu zangu, naapa niliufungua! Lakini mbele yangu alikuwa amesimama mama aliyemzaa mke wangu, na maneno yangu yote yalikuwa ya kumpinga. Ulimi ulikataa. Mwenzangu mmoja alinyoosha mkono aseme badala yangu, wakamwambia aketi, mtu ni mmoja tu kwa kila upande. Nikakaa chini.

“Mwenye kunyamaza ameitika,” mtu wa commune akasema. Watu wakapiga makofi. Chanda hakupiga.

Haikuchukua muda wakaja na saruji na nguzo za chuma, wakaifunga njia yetu. Taxi-bus zikajipanga. Ya kwanza kabisa, mahali pazuri pa kuanzia foleni, ilikuwa ya nani? Ya Mwape! Nilimuuliza kuhusu mama. Akanijibu kwamba mama ni mzee, labda alisahau. Nikameza. Mtu anagombanaje na mdomo wake mwenyewe?

Wenzangu walinichukia. Nikipita walikuwa wananiita “Monsieur Nimeitika”. Nilivumilia, kwa sababu mboga hazingoji mtu apone aibu. Tukaanza kupita kwenye barabara ya malori.

Siku ile hali ya hewa ilikuwa nzuri, hata mvua hakuna. Chanda alikuwa ananihadithia nyuma kule mambo ya Prisca na mwalimu wake. Lori likapita karibu sana, vumbi likajaa. Nikasikia kinga imekuwa nzito ghafla. Nikamtania, “Chanda, umechoka saa hii?”

Kimya.

“Chanda, unaniachia mimi peke?”

Kimya... Nikaiangusha kinga. Kabichi zilitawanyika barabarani, nami nikazunguka nyuma. Mungu wangu! Sitaandika nilichokiona. Lori lilikuwa limeshaenda, na mpaka leo sijui lilikuwa la nani.

Hospitalini hawakumfanyia uzembe, niseme ukweli, walihangaika naye. Lakini mguu wa kuume ulikuwa umesagika. Daktari alisema ukatwe, akataka familia zote mbili zikubali. Nami nilikuwa mwisho mmoja wa korido, mama mkwe mwisho mwingine, kila mmoja anaangalia ukuta wake. Mwape hakuonekana. Tulikaa hivyo, na yule mgonjwa ndani analia! Je, mmewahi kuona watu wawili wanaompenda mtu mmoja wakishindwa kumsaidia kwa sababu hawawezi kusalimiana?

Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akatuhurumia. Akasimama katikati. Mimi namwambia yeye, yeye anamwambia mama. Tukakubaliana mguu ukatwe. Nikadhani yamekwisha. Kisha nikasikia mama mkwe akimwambia muuguzi.

“Mumuulize mukwe wangu. Kama alijua ile barabara itamuumiza mutoto wangu, juu ya nini alinyamazaka siku ya mukutano?”

Nikajibu kwa muuguzi, “Mumuambie mama nilimutuma Mwape. Nilimuomba mama atuachie njia.”

Muuguzi mwenyewe alisahau kupeleka neno, lakini lilikuwa limeshafika.

“Ee Leza!” mama mkwe akalia, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. “Mwape aliniambia ni mukwe wangu njo anaomba parking. Alisema wenzake banamukatalia, nimusaidie kusema! Nilisimama pale juu ya kumuheshimu yeye!”

Ndugu wasomaji, fikirini hilo. Mama wa watu alisimama mbele ya umati kunitetea mimi, nami nikakaa chini kwa kumheshimu yeye. Katikati yetu alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alitaka mahali pa kusimamisha gari lake.

Kikao cha familia kilifanyika. Mwape alilia, akasema hakufikiri kwamba mambo yangefika huko. Labda ni kweli. Taxi-bus yake bado iko pale pale. Nilikwenda commune kuomba njia ifunguliwe, wakanipokea vizuri, wakaniambia kwamba wakaaji walishaitika na kazi imekwisha, ningoje mpango mwingine. Mpango mwingine lini? Hawajui. Mimi nijue?

Chanda alichukuliwa na mama yake kwenda Kasenga kuuguzwa, ndiyo desturi mke akiwa mgonjwa. Nilimfuata kumwona. Nilipofika, nilikuta vyungu vimepangwa ndani. Samaki wa Luapula, kuku, ugali. Mama mkwe mwenyewe alinifungulia mlango, akavifunua mbele yangu. Hakukuwa na ngoma wala wageni.

“Ingia, mwanangu,” akaniambia. “Sasa unaweza kusema.”

Chanda alikuwa amelala kwenye mkeka, anatutazama. Nilikula. Halafu nikamwinulia mama macho kwa mara ya kwanza, nikaona jinsi anavyofanana na binti yake. Nilitafuta la kusema, ndugu zangu. Nilisema tu, “Mama, samaki ni mutamu.” Tukaanza kulia wote watatu.

Ninyi mnaosoma, nawasihi! Mkiitwa kwenye mkutano wa barabara, wa reli, wa bus, msidhani ni maneno ya wakubwa na karatasi zao. Pale ndipo wanapochagua mtoto wa nani atapita wapi. Na kama desturi imekufunga mdomo, usimpe neno lako mtu mmoja alibebe peke yake, hata akiwa shemeki. Tuma na shangazi, tuma na jirani, tuma na padri! Na ninyi wazazi, waingizeni wakwe zenu mapema. Chakula kile msikiahirishe.

Kesho asubuhi nitapakia kabichi tena na kushika barabara ile ile. Chanda bado yuko Kasenga, kinga ni nzito siku hizi, na nikisahau, bado namwongelesha mtu wa nyuma.