Busu la Mkono wa Kulia

"Pete iko wapi?"

Edmilson hakusalimia hata kidogo. Alikuwa amesimama mlangoni mwa studio ya kurekodia, mtaa wa Botafogo, kofia ya pikipiki mkononi. Thaynara akatazama mkono wake wa kulia. Kidole kitupu.

"Nimeisahau ndani."

"Umeisahau au umeivua?"

"Nimeivua, halafu nikaisahau. Kuna shida?"

Shida ilikuwepo. Mtaani kwetu Madureira wachumba huvaa pete mkono wa kulia, wote wawili, na siku ya harusi inahamia wa kushoto. Yao ilipangwa Mei. Thaynara ndiye yule aliyeimba redioni mpaka watoto wa shule wakakariri nyimbo zake, halafu akaacha ziara za muziki kwa sababu bwana huyu alimwonea wivu mpiga kinanda wake. Akabaki kutia sauti ya lugha yetu kwenye tamthilia za Kituruki, na wiki ile binti wa tamthilia anayemsemea alikuwa ameanza mabusu. Mtaa mzima tulikuwa tunaangalia.

"Jana nimekaa sebuleni na mama," Edmilson akasema. "Nakusikia unambusu mwanaume, humalizi! Mama ananiuliza, hiyo si sauti ya mkwe wangu?"

"Ni yangu. Ndiyo kazi."

"Na huyo mwanaume ni nani?"

"Simjui."

"Unambusu mtu usiyemjua?"

"Naitwa ndani, Edmilson."

"Ukiingia humo, hakuna harusi!"

Akaingia.

Edmilson akamfuata mbio. Dona Creusa, mama anayeongoza kurekodi, akamkalisha kwenye kiti.

"Kijana, kohoa tu uone."

Nyuma ya kioo Thaynara alikuwa peke yake, hedifoni masikioni. Kwenye skrini wapenzi wawili wakasogeleana. Thaynara akainua mkono wake, akaubusu nyuma ya kiganja, akaguna kidogo.

"Rudia," Dona Creusa akamwambia. "Hilo ni busu la shangazi. Nataka la mapenzi."

Akaubusu tena, safari hii kwa bidii.

"Mwanaume anayembusu yuko wapi?" Edmilson akanong'ona.

"Yuko Curitiba, mji wa mbali. Anarekodia huko huko kwao. Ana wajukuu. Hawajawahi kuonana hao."

"Na pete?"

Dona Creusa akamsukumia kikombe kikavu. Pete ilikuwa ndani.

"Ikigonga meno kipaza sauti kinaisikia. Mimi ndiye niliyemwambia aivue."

Masikio ya Edmilson yakawa mekundu. Thaynara alipotoka, akampa kikombe kwa mikono miwili, akicheka kwa aibu.

"Nisamehe, mpenzi. Sasa nimeamini."

"Umeamini kwa sababu umeona." Thaynara hakucheka. "Jukwaa uliniachisha bila kuona kitu. Niliipenda ile kazi, Edmilson. Iliniuma, nikanyamaza. Leo unauonea wivu mkono wangu mwenyewe. Kesho utanikataza kupiga mswaki!"

Dona Creusa akajifanya anatafuta miwani.

"Unataka nifanye nini?"

"Nimealikwa ziara ya muziki, miji ya Recife na Fortaleza. Nilikuwa nimekataa. Sasa nakwenda, na mpiga kinanda ni yule yule. Pete kaa nayo wewe."

Kutoka Recife ikaja meseji moja: "Nimefika. Watu wamejaa."

Tulimwona Edmilson mbele ya duka la mikate, anaandika, anafuta, anaandika tena. Mwishowe akatuma: "Imba vizuri."

Siku ya kurudi alimsubiri uwanja wa ndege na mikate ya jibini kwenye mfuko wa karatasi. Thaynara akaweka sanduku chini, akakunja mikono, akalisubiri swali la mpiga kinanda.

"Umekula?" Edmilson akauliza.

Thaynara akasubiri jingine. Halikuja. Akala mkate mmoja, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Haya, nipe pete yangu."

Edmilson akaushika mkono wa kulia. Thaynara akaurudisha nyuma, akampa wa kushoto.

"Huo ni wa harusi," Edmilson akasema.

"Najua."